Jaketi Lililopigwa Pasi

Seif,

Ofisini kila barua ninayoandika ina kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, ili anayeipokea ajue mapema ameandikiwa nini. Hii ingekuwa YAH: JAKETI LAKO. Naiandika hapa masijala, saa ya chakula. Wenzangu wametoka kwenda kula, mimi nimebaki na mafaili kwa sababu tangu Jumapili chakula hakishuki. Jumapili nilikuwa kwenu Chole. Nitakueleza yaliyotokea huko, lakini nikianzia hapo hutaelewa, maana kuna jambo nilikuficha ulipokuwa hai. Uliingia kaburini ukidhani nilikwambia kila kitu.

Ni miezi minane sasa. Vipindi vyako vya Jiografia wamempa mwalimu mwingine, kijana mpole kutoka Singida. Wanafunzi wako wanamlinganisha na wewe mpaka anaona haya kuingia darasani. Kikundi chenu cha matembezi kilisimama kwa miezi miwili, kikaanza tena. Jumamosi wanapita msitu wa Pugu, wanatokea Kisarawe mjini, wanapiga picha, wanacheka. Nilidhani wangeacha. Hakuna aliyeacha. Na Mwanaidi, mdogo wako, naye amejiunga, ila huyo nitamfikia.

Watu bado wananiuliza swali lilelile: hivi kweli baridi ya Morogoro inaua mtu? Wanauliza kama vile ulifanya jambo la aibu. Ungefia Kilimanjaro wangekuelewa, wangekusifu hata. Nikiwaeleza habari za mvua, na ukungu, na mtu kukaa na nguo mbichi juu ya Uluguru tangu mchana hadi asubuhi, wanatikisa kichwa na kusema siku yake ilikuwa imefika. Halafu wananipa mkono. Seif, kila nikisikia maneno hayo natamani kumkaba mtu shati nimwambie siku haikufika yenyewe, ilisukumwa. Badala yake najibu, "Ni kweli, kazi ya Mungu," kisha naangalia chini. Unanijua.

Unakumbuka tulivyolichagua? Ulinivuta hadi kwenye mitumba ya Kwa Mathias ukisema karani hanunui hata kiberiti kabla hajasoma maandishi yake, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekuchagulia jaketi la mlimani. Nilikuwa nimesoma wiki nzima. Wazazi wangu ni watu wa Njombe, baridi naijua, na wewe mtoto wa Pwani ulidhani baridi ni ile ya Julai inayokufanya uvae fulana mbili. Pale kwenye majaketi ulikimbilia koti zito kama godoro. Nikakwambia uzito si joto, na hilo ukilipandisha mlimani litakuchosha kabla hujafika kambini. Ukashika lingine, la manyoya ya bata, jepesi ajabu. Nikalikataa pia. Nikakueleza kwamba manyoya yana joto kuliko kitu chochote yakiwa makavu, lakini yakilowa yanashikana kama uji, na Uluguru mvua haina ratiba. Tulitaka lenye nyuzi za kiwandani ndani yake, zile zinazofanana na pamba lakini si pamba, kwa sababu hata zikilowa hubakiza joto kidogo.

Yule muuzaji, tuliyemwita Baba Koti, alikuwa amekasirika. "Braza," akakwambia, "huyu mwenzio hakutakii mema. Hili la manyoya ni la marubani."

Mimi nikaendelea na kazi yangu. Nilishika jaketi moja baada ya jingine, nikalifinya kwa kiganja, nikaliachia, nikatazama linavyoinuka. Linalobaki limebonyea nyuzi zake zimechoka. Linaloinuka mara moja ni zima. Baba Koti akavumilia hadi la saba.

"Mjomba, hayo si maandazi."

Ulicheka ukakaa chini kwenye belo. Kwa siku nyingi baadaye uliniita Maandazi.

Lakini tulilipata. La kijani kilichoiva, lenye mistari myembamba ya mshono, kofia, zipu inayofika kidevuni. Lilikunjwa likaingia katika mfuko wake lenyewe. Mkononi lilikuwa jepesi kuliko nusu kilo ya sukari. Nililifinya, likainuka kabla sijaondoa kidole. Nililielekeza juani nione kama kuna mahali nyuzi zimekimbia, hapakuwa na hata sehemu moja iliyopitisha mwanga. Nikakuvalisha, nikakuambia uinue mikono, uiname kama unafunga kamba za viatu, niangalie kama mgongo unabaki wazi. Nikapima kama koti la mvua litaweza kukaa juu yake bila kulibana. Ulisema mchumba hapimwi hivyo.

Ndani ya shingo kulikuwa na lebo. Mwenye jaketi wa kwanza alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino, Henrik. Chini ya jina palikuwa na vile vipicha vidogo, beseni, pembetatu, na pasi iliyopigwa alama ya X. Nilikiona kile kipicha, Seif. Nilijua maana yake. Hilo ndilo nililokuficha, na sasa limeandikwa.

Jumamosi ile tulikwenda Chole kumwonyesha mama yako. Bi Zuhura alikuwa anapeta mchele. Aliligeuza jaketi huku na huku, akaona wino, akauliza hilo ni jina la nani. Wewe na mdomo wako ukasema, "La mwenyewe, mama. Kafa." Ulikuwa unatania, lakini ungo ulisimama. Mama yako haiti mtumba mtumba. Anaita kafaulaya, kama walivyoita watu wa zamani: mtu kafa huko Ulaya, nguo zake zikaletwa huku. Sisi neno hilo tunalichekea, yeye halichekei. Akaagiza palepale. Jina likatwe, jaketi lichemshwe kwa sabuni, kisha lipigwe pasi ya moto mpaka jasho la mwenyewe litoke lote, ndipo mwanawe alivae.

Wewe ukanikonyeza. Ukamwambia mama asiwe na wasiwasi, Elia anajua kupiga pasi, ofisi nzima inamjua kwa mikunjo ya suruali yake.

Nilipaswa kusema pale pale kwamba jaketi la namna hii halipigwi pasi, kwamba moto unazilaza zile nyuzi na zikilala haziamki. Sentensi moja. Kinywa nilikuwa nacho. Lakini Bi Zuhura alikuwa ananitazama kwa imani, mtu mzima, mama wa rafiki yangu, na mimi kumkatalia mkubwa mbele ya ungo wake sijawahi. Nikasema, "Sawa, mama." Niliikata ile lebo kwa wembe mbele yake. Niliikata pamoja na vipicha vyake, na mama akaniombea dua.

Niliporudi kwangu Kibaha nilifanya kama nilivyoagizwa. Ningeweza kutofanya. Ningeweza kulianika tu, nikamwambia limeshapigwa pasi. Nilikaa na jaketi mapajani, nikawaza kwamba nikidanganya itajulikana, kwamba huenda pasi ya moto mdogo haina madhara, kwamba labda kile kipicha kinahusu kitambaa cha juu tu. Nililichemsha kwenye sufuria, nikalikausha, nikatandika kanga juu yake ili lisiungue, nikapiga pasi. Lilitoka limelala kama shati la kuendea kanisani. Ulipokuja kulichukua ulilivaa ukasema, "Sasa limekaa kiofisa." Uliposhangaa linavyokunjika dogo, dogo kuliko siku ile ya kwanza, nilifurahi na wewe. Ulipogeuka nililifinya begani. Halikuinuka. Nikanyamaza tena.

Halafu nikakuficha na la pili. Nilikuwa nimejiandikisha kwenye safari ile. Siku tatu kabla nikakwambia bosi amekataa kunipa ruhusa. Bosi hakuwahi kuombwa. Niliogopa, basi. Niliona picha za ile njia inavyoning'inia kwenye ukuta wa mlima nikaanza kuharisha. Wewe ukasema sawa, nibaki na mafaili yangu, utanisimulia.

Walionisimulia ni wengine. Salome, yule nesi wa kikundi chenu, ndiye aliyenieleza bila kuzungusha. Mvua ilianza siku ya pili adhuhuri, mkiwa bado chini ya uwanda wa juu. Mwongozaji alisema mgeuze. Wewe ulisema bado kidogo tu, mmekaribia. Hapo nina hasira na wewe, Seif, sitaacha kusema kwa kuwa umekufa. Kwa nini hukugeuka? Ulikuwa unamthibitishia nani? Koti lako la mvua lilichanika begani kwenye miti, maji yakaingia. Kambini ulitetemeka sana, halafu ukaacha kutetemeka, wakadhani umepata nafuu. Ulisema unasikia joto ukafungua zipu. Kulipokucha ulikuwa umeshakwenda.

Salome naye alilowa hadi ngozi. Jaketi lake ni la aina ileile, alilipata palepale Kwa Mathias. Alirudi na mafua. Jaketi lake halijawahi kuonja pasi, nilimuuliza. Aliponiuliza kwa nini nauliza, nikasema basi tu.

Sijui kama ni jaketi lililokuua. Inawezekana hata lingekuwa zima usingepona. Nimeligeuza jambo hili kila upande na siwezi kulifunga kama faili, na wewe tu ndiye shahidi. Ninachojua ni kwamba nilikutuma juu ya mlima na kitu nilichojua kimeharibika, nikakuacha uende nacho peke yako.

Tulikuzika siku hiyohiyo walipokuleta. Begi lako lilirudi na kila kitu. Mama alilifua jaketi, akalipiga pasi yeye mwenyewe, akaliweka kabatini.

Sasa ya Mwanaidi. Mwezi ujao kikundi kinarudi Uluguru, njia ileile, na yeye anakwenda. Anasema anataka kuona mahali ulipolala. Alinipigia simu kunipa habari, akasema kwa furaha, "Kaka Elia, sihitaji kununua jaketi. Nalichukua la kaka. Bado lina harufu yake."

Halina harufu yako. Lina harufu ya sabuni na pasi. Lakini sikumwambia hilo. Nilimwambia ni vizuri, nikakata simu, nikakaa.

Siku iliyofuata nikaenda Kwa Mathias nimnunulie jingine, nikidhani nitalimaliza jambo bila kufungua mdomo. Hiyo ndiyo njia yangu siku zote. Baba Koti alinikumbuka. "Karibu, mjomba wa maandazi. Yule mwenzio mrefu yuko wapi?" Nikasema umesafiri. Akaniambia nikusalimie, nikasema nitakusalimia. Basi anakusalimia.

Nililichagua kama nilivyolichagua lako, ila polepole zaidi na bila kucheka. Lina rangi ya machungwa, ili aonekane kwenye ukungu. Mikono ina mpira unaobana kwenye kifundo, kofia inafunga, nyuzi zake zinaruka ukizifinya. Lebo ipo. Haina jina la mtu. Nilivisoma vile vipicha mara nne nikiwa nimesimama barabarani watu wakinigonga mabega.

Jumapili nikaenda. Kutoka Kisarawe nilipanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mpango wangu, Seif, ulikuwa kumwambia Mwanaidi kwamba hili jipya linaonekana zaidi kwenye ukungu. Hilo tu. Sikuwa nimekwenda kukiri.

Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka pembeni. Akaingia ndani akatoka amevaa lako. Mikono imemzidi, ameikunja. Akasema hilo la rangi ya machungwa atampa rafiki yake, yeye atapanda na la kaka. Nikataja ukungu. Akasema ukungu anaujua. Nikasema lako ni kubwa kwake. Akasema atavaa sweta ndani. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka, anatutazama, amefurahi kumwona binti yake ndani ya jaketi lako.

Nikaona itatokea tena. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama mara ya kwanza, mama ameridhika, mtu amevaa, na mimi nimekaa na adabu zangu.

Nikamwomba Mwanaidi alivue. Nikayaweka yote mawili juu ya mkeka, nikamwambia afinye hili, kisha lile. La machungwa likainuka. Lako likabaki na alama ya vidole vyake. Akafinya tena, mahali pengine. Akanitazama.

"Limefanywa nini?"

"Lilipigwa pasi," nikasema. "Nililipiga mimi. Nyuzi zake zimekufa. Halishiki joto."

Mama akasema yeye ndiye aliyeniagiza. Alisema harakaharaka, kama mtu anayemkinga mtoto asipigwe. Na hapo, Seif, ningeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, yeye mwenyewe ameufungua, na mzigo wote ungebaki kichwani kwake mpaka afe. Kwa muda mfupi nilifikiri kutoka. Nakwambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

"Uliniagiza, mama," nikasema, "lakini wewe hukujua. Mimi nilijua. Ile lebo niliyoikata ilikuwa imekataza pasi. Niliisoma kabla sijaikata."

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Na ukaniitikia sawa."

"Niliogopa."

Kuku aliingia mpaka kwenye mkeka hakuna aliyemfukuza. Kisha mama akauliza kwa sauti ya chini sana, "Uliniogopa mimi, Elia? Mimi niliyekuwa nakuwekea ukoko?"

Kila nilipokuja kwenu alinikwangulia ukoko wa wali akanifunikia kwenye sahani, kwa sababu siku moja nilisema naupenda. Huyo ndiye niliyemwogopa.

Adhana ikaingia. Akainuka akaenda kutawadha. Mwanaidi aliingia ndani na jaketi lako, hakurudi. Nikabaki mkekani na lile la machungwa. Nikalikunja upya. Mama alipomaliza kuswali alitoka akasimama mlangoni, hakukaa.

"Mwanaidi atavaa hilo jipya," akasema. "Na wewe utapanda naye. Safari hii bosi hajakataa."

Nilishtuka nikamuuliza amejuaje.

"Seif aliniambia kabla hajaondoka. Alisema, mama, Elia anaogopa mlima anamsingizia bosi, usimwambie nimejua, ataona haya."

Kwa hiyo ulijua. Nilidhani nimekuficha mawili, kumbe moja ulilibeba wewe ukanisitiri nalo, ukapanda nalo kule juu. Ulikuwa unacheka moyoni ulipokuwa unaniambia nibaki na mafaili? Au ulinionea huruma? Natamani ungenitukana. Ungenitukana ningekwenda, na huenda ningekwambia habari za jaketi njiani, nikiwa nahema, wakati bado kuna nafasi ya kurudi. Tulistahiana mpaka ukafa. Hasira hii siwezi kuimalizia kwa mtu mwingine, ndiyo maana naileta kwako.

Wakati wa chakula ulifika na kupita. Sijawahi kutoka kwenu bila kula, hata siku ya msiba walinilazimisha. Jumapili niliaga, mama akaitikia, hakuna aliyeniambia ngoja. Hajanisamehe. Sikumwomba, na nadhani aliona kwamba sikumwomba.

Leo asubuhi niliandika barua ya kuomba likizo, siku tano, nikaipeleka kwa bosi kwa mkono wangu. Aliisaini bila kuinua macho. Ilichukua muda wa kunywa funda la maji.

Sasa nasikia wenzangu wanarudi, lazima nimalize. Sijui dua za kwenu vizuri, na za kwetu huenda hazikufai, kwa hiyo nakuaga kwa mdomo mtupu. Kaa salama huko uliko, Seif, na kama kuna baridi wasikuache ulale.

Ninachokuahidi ni hiki. Bado naogopa, na sidhani kama nitafika juu nikiwa mtu wa kutazamika. Lakini mvua ikianza, nitasema tugeuze. Nitasema mbele ya mwongozaji na mbele ya wote. Mwanaidi akisema bado kidogo, nitasema tena. Wakinicheka, nitakaa chini katikati ya njia, na atakayetaka kuendelea atapita juu yangu.

Mimi,
Elia